Chungu wa Kuanzia: Bei ya Malkia kwa Mkaazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe

Usiku mmoja wa mvua, Mei 2025, tulikaa barazani kwa dada yangu Mtongwe, upande wa Likoni. Ukuta chini ya taa ulikuwa umetapakaa wadudu wenye mbawa. Wengi walikuwa kumbikumbi, na dada alikwisha weka beseni la maji chini yao. Mpwa wangu, mwanafunzi wa gredi ya saba, hakushughulika na beseni. Alikuwa amemwinamia mdudu mmoja mwenye kiuno chembamba, aliyekuwa akijipangusa mgongo kwa miguu mpaka mbawa zikang'oka moja moja.

"Mjomba, huyu si malkia huyu?" akauliza. "Mbona wale wa Naivasha wana bei, na huyu wetu hana?"

Alikuwa ameisikia habari ile redioni kama sote. Tarehe 5 Aprili 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa Naivasha wakiwa na chungu hai wapatao 5,000, wamegawanywa kwenye mirija 2,244 iliyotiwa pamba. Katika kesi nyingine iliyokwenda sambamba, Mkenya mmoja na raia mmoja wa Vietnam walipatikana na mamia kadhaa. Tarehe 7 Mei mahakama iliyo uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ilimtoza kila mmoja wa wanne hao faini ya shilingi milioni moja, au kifungo cha miezi 12. Aliyekuwa akitafutwa hasa ni Messor cephalotes, chungu mkubwa mvunaji wa mbegu, ambaye malkia wake hukaribia sentimita mbili na nusu. Huko Uingereza malkia mmoja aliuzwa hadi pauni 170, ambazo wakati ule zilikaribia Sh29,000. Kwa pesa hizo mtu hulipa kodi ya chumba Kisauni kwa miezi kadhaa.

Nimewapenda chungu tangu utotoni, na nimewahi kuwafuga vibaya kabla ya kujifunza kuwatazama vizuri. Nikaona nimjibu kijana kama anavyojibiwa mtu anayetaka kununua friji au pikipiki: ipi inafaa, inagharimu kiasi gani siku ya kwanza, na itakula kiasi gani baadaye. Jibu nililolifikia, na ninalolisimamia, ni kwamba kwa mtu wa huku kwetu malkia wa kununuliwa ndiye uteuzi mbaya kuliko wote, hata angeuzwa shilingi mia. Chungu wa kuanzia ni yule ambaye tayari anaishi uani kwako.

Tuanze na sheria, maana hiyo ndiyo gharama inayoweza kuzidi nyingine zote. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haikupima wanyama kwa ukubwa. Neno "wanyamapori" ndani yake linamchukua kila mnyama wa mwituni wa asili ya hapa, na hata wale waliokuja wakastakimu. Kesi ya Naivasha iliwafunza wengi kwamba mdudu wa milimita chache yumo ndani ya neno hilo pamoja na tembo. Kumtazama chungu mtini hakuna anayekukataza. Kumtia chupani ukamweka, kumuuza, au kumtumia rafiki aliye mbali ni mambo ya kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na kibali huombwa kabla ya kukamata. Kwa mtoto wa shule njia nyepesi ni kupitia mwalimu. Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya vipo tangu 1968, na ombi la shule yenye mlezi wa klabu lina uzito kuliko la mtoto mmoja mwenye chupa ya jemu. Kwa hivyo yote nitakayoyasema hapa juu ya mirija na viota yachukuliwe kuwa ni mambo ya baada ya kibali.

Ulaya, anayeanza huambiwa amchukue Lasius niger, chungu mweusi wa bustanini. Ni rahisi kumpata, ni mvumilivu, na malkia wake mmoja aliyefugwa aliweka rekodi ya kuishi zaidi ya miaka 28. Lakini chungu yule anataka baridi. Kila mwaka lazima alale miezi kadhaa kwenye ubaridi unaokaribia kuganda, na wafugaji wa kule humweka hata ndani ya friji. Ufuate ushauri ule hapa Mombasa, penye joto karibu mwaka mzima, na utakuwa unalipa umeme wa friji kwa ajili ya mdudu ambaye hakuumbiwa kaskazi yetu. Kisha kuna hatari ya kutoroka. Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa mgeni aliyetoroka anafanya nini. Kunguru wa Kihindi aliletwa Unguja miaka ya 1890 asafishe takataka, na kufikia 1947 alikuwa ameshaonekana Mombasa. Nenda soko la Kongowea alfajiri uhesabu wamebaki ndege gani wengine.

Na chungu nao wana kunguru wao. Yupo mmoja mdogo wa kahawia, Pheidole megacephala, ambaye baadhi ya wafanyakazi wake wana vichwa vikubwa mno. Huku kwetu pwani ni wa zamani, lakini alipopenya Laikipia aliwaua chungu walinzi wa migunga, wale wanaowauma tembo puani. Migunga ikabaki bila ulinzi, tembo wakaivunja, uwanda ukawa wazi, na simba wakapoteza maficho ya kuwavizia punda milia. Utafiti uliotolewa katika jarida la Science mwezi Januari 2024 ulionyesha kwamba kati ya 2003 na 2020 punda milia walishuka kutoka asilimia 67 hadi 42 ya mawindo ya simba, na nyati wakapanda kutoka sifuri hadi 42. Simba alibadilishiwa chakula na mdudu wa milimita mbili. Nilipomweleza mpwa wangu hayo alinyamaza kitambo. Hakurudia tena wazo la kuagiza chungu wa nje.

Tukabaki na wa nyumbani, na hapo lazima kwanza kumtoa mchwa kwenye hesabu. Kumbikumbi wa beseni la dada si chungu kabisa. Ni mchwa wenye mbawa, na ukoo wao uko karibu zaidi na mende. Mtazame kiuno: wa mchwa umenyooka, wa chungu umebanwa kama umefungwa uzi. Mbawa za mchwa ni nne zenye urefu mmoja, za chungu za mbele ni ndefu kuliko za nyuma. Vipapasio vya mchwa vimenyooka kama shanga zilizotungwa, vya chungu vimepinda kama kiwiko. Nimeona watu wazima wakimlea kumbikumbi kwenye chupa wiki nzima wakimngojea azae chungu.

Siafu tuliwaondoa mara moja. Malkia wao hana mbawa, haanzishi kundi peke yake, na kundi lao ni la mamilioni linalohama hama likila kila kinachotembea. Hakuna boksi la kuwatosha.

Vichungu vidogo vya jikoni ndio mtego wa kwanza kwa anayeanza, kwa sababu ni rahisi kuwapata: inua kopo la sukari tu. Kuna yule mwenye kichwa cheusi na tumbo linaloangaza kama maji, Tapinoma melanocephalum, na kuna wengine wa hudhurungi wa saizi ya chembe ya mchanga. Hawa wana malkia wengi katika kundi moja, hugawanyika ovyo, na hupenya kwenye pamba iliyokazwa. Gharama ya kuwaanza ni sufuri, gharama ya kuwazuia haina mwisho. Tena ndio maadui wakubwa wa chungu wengine wa kufugwa. Nilipokuwa na miaka tisa hapo Likoni nilimweka malkia mkubwa kwenye chupa juu ya meza. Asubuhi nilikuta mstari mwembamba wa vichungu hao ukipanda mguu wa meza, na ndani ya chupa mbawa na vipande vya miguu. Marehemu bibi hakunigombeza. Alichukua chupa, akaiosha, akaiweka juu ya kopo lililosimama katikati ya sahani ya maji, kama alivyoisimamisha miguu ya kabati lake la chakula kwenye makopo ya maji. Kila nyumba ya zamani ya pwani inaijua kazi hiyo. Mpaka leo sijaona kinga bora kuliko ile, na nitairudia chini.

Wapo pia wale weusi wakubwa ambao wengi huwaita sungusungu, wanaotembea mmoja mmoja au kwa safu na kunuka ukiwakanyaga. Hao wana mwiba, na malkia wa baadhi yao hawezi kujifungia akalea watoto bila kula. Lazima atoke kuwinda, kwa hivyo lazima afunguliwe na kulishwa mara kwa mara tangu siku ya kwanza. Kwa mtoto, waachwe.

Sasa maji moto. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu yeye ndiye ninayempenda kuliko wote, na ndiye anayedharauliwa kuliko wote. Kila aliyepanda mwembe Mtongwe au Kiembeni anamjua: mwekundu, mwenye miguu mirefu, Oecophylla longinoda kwa jina la wataalamu. Anauma kwa taya, kisha anageuza tumbo na kurushia tindikali penye jeraha, ndiyo maana wazee wakampa jina la maji ya moto. Anaishi kwenye majani mabichi. Wafanyakazi hujipanga ukingoni mwa jani, wakivuta jani la pili, na kama pengo ni pana hushikana kiuno kwa kiuno wakafanya mnyororo wa miili. Majani yakikutana, wengine huja na mabuu mdomoni, wakiyapitisha huku na huku. Buu hutoa uzi wa hariri, na kiota hushonwa kwa uzi huo wa mtoto. Ukipata kiota kinachoshonwa saa hiyo, hutaondoka chini ya mti hadi giza liingie.

Tena ni mfanyakazi wa shamba asiyelipwa. Unguja, mwanzoni mwa miaka ya 1950, mtaalamu aitwaye M. J. Way alichunguza kwa nini minazi mingine ilipukutisha vidaka kabla ya wakati. Alimkuta mdudu anayefyonza vidaka hivyo, ambaye baadaye aliitwa Pseudotheraptus wayi kwa jina la mtaalamu huyo, na akakuta kwamba mnazi uliotawaliwa na maji moto ulisalimika. Palipokuwa na yule Pheidole chini, maji moto walifukuzwa mtini na vidaka vikaanguka. Huko Benin watafiti walionyesha kwamba maji moto hupunguza nzi wa matunda kwenye maembe. Na Wachina walikuwa wakiwatumia ndugu zao wa Asia kwenye michungwa yao mapema kama karne ya nne. Mkulima wa mikorosho wa Likoni anayechoma viota vya maji moto ili avune kwa starehe anapaswa kuifanya hesabu hii upya.

Lakini kumfuga ndani ya nyumba? Hapana. Kundi moja huenea kwenye viota vingi na miti kadhaa, lina malkia mmoja, na idadi yake hufika mamia ya maelfu. Ukichukua kiota kimoja ukakiweka kwenye boksi, yaelekea hukumchukua malkia, na ulichokiweka ni wafanyakazi wanaongojea kufa. Anataka mti ulio hai. Kwa hivyo maji moto ni chungu wa kutazamwa, na kwa gharama yeye ndiye mshindi: daftari, penseli, na lenzi ya mkono ya Sh200 au Sh300. Hakuna boksi, hakuna chakula, hakuna pamba. Kama uani pana mwembe, mkorosho au mlimau, kifaa kikubwa tayari unacho.

Kwa yule anayetaka kweli kumwona malkia akitaga na kibali anacho, chaguo langu ni yule aliyekuwa ukutani kwa dada usiku ule: chungu wa usiku wa jamii ya Camponotus, hasa Camponotus maculatus na jamaa zake. Utamjua magharibi ikiingia. Anatoka kwenye ufa wa ukuta wa matumbawe au chini ya gogo linalooza, kahawia mwenye miguu ya rangi ya majani makavu, mara nyingi na madoa hafifu tumboni, na wenzake wengine wana vichwa vikubwa vya askari. Hana mwiba. Akishikwa vibaya atauma na kutoa tindikali kidogo, na basi.

Sababu zangu za kumchagua si uzuri wake. Kwanza ni mkubwa: malkia hufika kama sentimita moja na nusu, kwa hivyo mtoto anaona bila lenzi, na tundu la kumponyoka halijifichi. Pili, kundi la kawaida huanza na malkia mmoja, naye hajigawi gawi. Tatu, na hili ndilo linalookoa pesa, malkia huyu hujifungia. Amepandwa mara moja tu maishani mwake, juu hewani, na ameihifadhi mbegu ya dume ya kumtosha miaka yote. Akishang'oa mbawa, misuli iliyokuwa ikizipiga huyeyuka mwilini mwake ikawa chakula chake na cha watoto wake wa kwanza. Hali chochote. Anataka giza, unyevu na utulivu. Kwa joto la hapa kwetu, kutoka yai hadi mfanyakazi wa kwanza huwa ni kama wiki sita hadi nane, na muda wote huo gharama yako ya chakula ni sifuri. Na nne, akitoroka amerudi kwao. Hakuna Laikipia nyingine itakayovunjika kwa sababu ya ufa kwenye boksi lako.

Sasa hesabu. Bei nitakazozitaja ni za kukadiria tu, kwa jinsi tulivyouliza mimi na mpwa wangu, na muuzaji mmoja hatofautiani na mwenzake kwa zaidi ya nauli ya matatu. Mrija wa kioo wa maabara ya shule ni Sh50 hadi 100. Chukua miwili, kwani mmoja huvunjika. Pamba ya duka la dawa ni kama Sh100 na itakutosha miaka. Mrija unajazwa maji theluthi moja, pamba inasukumwa mpaka iguse maji bila kuyavujisha, malkia anaingia, na kipande kingine cha pamba kinaziba mdomo. Hiyo ndiyo nyumba yake ya mwanzo, na ni nyumba bora kuliko viota vya plastiki vinavyouzwa Ulaya kwa makumi ya euro, ambavyo kwa unyevu wetu huota ukungu. Ongeza kopo la plastiki la kuhifadhia chakula, Sh150 hadi 250, litakalokuwa uwanja wa kulia chakula wafanyakazi wakizaliwa. Kwa jumla siku ya kwanza hutumii zaidi ya Sh600. Baada ya mwaka, kundi likizidi mrija, kilo moja ya unga wa jasi, ule mafundi wa dari wanaouita jipsam, inatosha kutengeneza kiota cha vyumba kwenye kopo jingine, kwa kiasi kisichofika Sh300 pamoja na kopo lenyewe.

Maji yana neno lake. Visima vingi vya Kisauni na Likoni vina chumvi, na chumvi ikikauka kwenye pamba huacha ukoko mweupe. Tumia maji ya mvua yaliyokingwa safi au hayo ya kunywa unayonunua kwa mtungi wa mkokoteni. Kwa mwezi chungu hawatamaliza kikombe cha kahawa.

Kinga ya kutoroka ndipo ushauri wa vitabu vya wageni unapoharibika ukifika pwani. Wanasema paka poda ya mtoto iliyokorogwa kwa spiriti kwenye ukingo wa kopo, ikikauka chungu watateleza. Ni kweli, penye hewa kavu. Huku kwetu, kusi ikivuma na nguo zikikaa siku mbili kambani bila kukauka, poda hiyo hunyonya unyevu na chungu hupanda juu yake kama ngazi. Vaseline nayo hulainika na kuteremka kwa joto la kaskazi, ikatengeneza mtego wa kuwanasa unaowafuga. Tone la mafuta ya kupikia lililopakwa jembamba kwa kidole hufanya kazi, ila linakusanya vumbi na linataka kupakwa upya kila wiki. Kwa hivyo narudi kwa bibi: kopo ndani ya sahani pana ya maji. Inawazuia wa ndani wasitoke na, la muhimu zaidi, inawazuia wale vichungu wa jikoni wasiingie. Gharama yake ni kukumbuka kubadilisha maji kila baada ya siku tatu ili usije ukafuga mbu.

Joto nalo ni tofauti ya mtaa na mtaa. Mfugaji wa Ulaya hununua waya wa umeme wa kupasha kiota, sisi hatuuhitaji hata siku moja. Tatizo letu ni la upande wa pili. Chumba cha mabati Changamwe, Chaani au Magongo, saa nane za mchana mwezi wa Februari, kinaweza kumchemsha malkia ndani ya mrija wa kioo, hasa ukiwa dirishani. Mweke chini, kwenye ukuta usiopigwa na jua la jioni, au kando ya mtungi wa udongo wa maji ya kunywa, penye ubaridi. Kuta nene za matumbawe za nyumba za zamani za Kisauni zina faida hapa. Malori ya Changamwe nayo yana neno, kwa maana mtikisiko wa kila dakika huweza kumfanya malkia mpya ale mayai yake. Kama nyumba iko kando ya barabara kuu, weka mrija juu ya kitambaa kilichokunjwa, ndani ya chumba cha nyuma.

Chakula ni matumizi madogo. Kijiko kimoja cha sukari kwenye vijiko vitatu vya maji, tone moja mara mbili kwa wiki, na kwa ajili ya mabuu paja la mende au kumbikumbi aliyegandishwa. Hapa pana hatari moja ambayo imewamaliza wengi: mende aliyepuliziwa dawa. Nyumba ikipigwa dawa, mende wake wasitumike kamwe, na kundi lenyewe lihamishwe kabla ya dawa kufunguliwa. Mimi nilipoteza kundi langu la mwisho la utotoni kwa njia hiyo, wafanyakazi arobaini na malkia, kwa asubuhi moja. Nililia, na sioni haya kusema.

Kilichobaki ni gharama ambayo hakuna duka linaloiandika, nayo ni miaka. Malkia wa Camponotus akitunzwa huweza kuishi miaka mingi. Mtoto wa gredi ya saba leo atakuwa ameingia chuo, pengine ameondoka Mombasa, na malkia bado anataga. Miezi sita ya mwanzo ni ya kungoja tu, na kungoja ndiko kunakowashinda wanaoanza: wanafungua pamba kila jioni kuchungulia, malkia anafadhaika, anakula mayai, wanasema alikuwa mbovu. Nilimwambia mpwa wangu achungulie mara moja kwa wiki, siku ya Ijumaa baada ya swala, kwa dakika moja. Kama hawezi hilo, basi hajawa tayari, na si aibu.

Kwa nani nini, basi? Mwenye uwanja na mti, iwe Likoni, Mtopanga au Mikindani, aanze na maji moto, na hata asiende mbele zaidi atakuwa ameona maajabu. Anayekaa chumba cha kupanga asiye na mti, aliye na subira na mwalimu wa kumwandikia ombi, amngojee malkia wa usiku mvua za vuli zikianza Oktoba au masika yakirudi Aprili. Wa Naivasha aachwe Naivasha, ambako mbegu anazozibeba ndizo nyasi za mwaka ujao.

Usiku ule kijana alimpandisha malkia kwenye kipande cha karatasi, akaenda kumweka chini ya gogo la mnazi nyuma ya jiko. Wiki iliyofuata nilipovuka feri nilimkuta chini ya mwembe wa jirani na daftari la kurasa 64 mapajani, ameandika saa pembeni na kuchora mistari minne minne kwa kila maji moto aliyepanda na mzigo. Saa kumi na moja jioni, mmoja alipita amebeba bawa la kumbikumbi refu kuliko mwili wake. Aliandika hilo pia, kisha akaniuliza kama ninayo penseli nyingine.